Kuwafundisha wanafunzi kuandika Wikipedia ya Kiswahili: yaliyonikuta mimi huku Rungwe

Kamwene mkuu. Umesema upo Mafinga, una wanafunzi 30 wa kidato cha tatu na maabara yenye kompyuta 12, na unauliza kama kuwafundisha kuandika na kuboresha makala za Wikipedia ya Kiswahili ni jambo la maana au ni kuwapotezea muda wa kujisomea mitihani. Mimi nafundisha Kiswahili na Historia katika shule ya kata huku Rungwe, na klabu yetu ina mwaka wa nne sasa. Inawezekana. Ila usianze kama nilivyoanza mimi.

Siku ya kwanza niliwaingiza maabara watoto 18, nikawaambia kila mmoja afungue akaunti yake. Sita wakafanikiwa. Wa saba akakataliwa, wa nane naye hivyohivyo. Tukazima kompyuta, tukawasha, nikampigia fundi wetu simu nikamlaumu bure maskini. Kumbe Wikipedia inaruhusu akaunti mpya 6 tu kwa siku kutoka anwani moja ya intaneti, na maabara nzima kwa huko nje inaonekana kama mashine moja. Kipindi kiliishia hapo, watoto wakacheza karata za kwenye kompyuta hadi kengele ikalia. Kwa hiyo waandikishe sita leo, sita kesho, kabla hata hujatangaza kipindi chenyewe. Au waandikie mapema wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia ya Kiswahili, uwaombe msaada. Na wakataze kutumia majina yao kamili, maana jina la akaunti linabaki pale kila mtu analiona, na hawa bado ni watoto.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi: niliwaambia waandike makala mpya. Mmoja akaandika kuhusu shule yetu, "shule bora yenye walimu wachapakazi". Ikafutwa ndani ya saa moja (na mimi ni mmoja wa hao wachapakazi, mjue niliumia). Mwingine akamwandika mchungaji wao. Wa tatu akaenda kwenye makala ya Hifadhi ya Kitulo akabandika aya nne alizozinyofoa kwenye tovuti ya watalii, hadi ule mstari wa "karibu ujionee". Nazo zikaondolewa, na waliozifuta walikuwa na haki kabisa. Ila watoto walinuna, wiki iliyofuata walirudi tisa.

Hao tisa ndio niliowafundisha vizuri. Tuliachana na makala mpya, tukafungua makala za kata zetu wenyewe. Ukizipekua utaona nyingi zina sentensi mbili tatu tu: kata iko wilaya gani, postikodi yake, na idadi ya wakazi kwa sensa. Chini kuna ile alama ya mbegu inayosema makala ni fupi na inaomba kuongezwa. Nikawaambia kazi ni moja: leteni sentensi moja, na mnionyeshe ilikotoka.

Sentensi moja inaonekana ndogo mpaka uone inavyoweza kumtoa mtu jasho. Binti mmoja alikuwa anaweka takwimu za sensa ya 2022 kwenye makala ya Mkoa wa Mbeya. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,707,410. Ya 2022 ikahesabu 2,343,754. Akaandika kwamba idadi ya watu Mbeya imepungua. Wenzake wakaanza kumsaidia sababu: vijana wamekimbilia Dar, wengine wamevuka Zambia kwenye biashara. Nakiri na mimi nilikuwa natikisa kichwa kukubali. Ndipo kijana wa nyuma kabisa, ambaye kwa kawaida hasemi, akauliza, "Mwalimu, Tunduma hapo imehesabiwa wapi?"

Maabara ikawa kimya. Mkoa wa Songwe, ambao Tunduma imo ndani yake, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Hizo namba mbili si za eneo moja. Tulipochukua Songwe ya 2022, watu 1,344,687, tukaijumlisha na Mbeya, ikaja 3,688,441. Yaani watu wameongezeka karibu milioni moja, na sisi tulikuwa tumebakiza kubofya kitufe tuwatangazie watu kinyume chake. Siku hiyo nilijua klabu itaishi. Kwenu mtego huohuo upo, Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012, kwa hiyo msilinganishe sensa ya 2002 na zilizofuata kichwakichwa. Na ukikutana na maandishi ya zamani yanayosema Kimondo cha Mbozi kipo Mkoa wa Mbeya, nacho sasa ni cha Songwe.

Kuanzia hapo swali la klabu likawa "Nani kasema?" Wanaliuliza hadi kwenye foleni ya chakula. Lakini swali hilo lina mahali linapouma, na nakushauri ujiandae napo kabla hawajakubana. Kijana mmoja alitaka kuandika kuhusu kipunji, yule nyani wa Mlima Rungwe na Kitulo. Vitabu vinasema watafiti walimgundua mwaka 2003, wakamtangaza kisayansi mwaka 2005, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Kijana akakasirika. Babu yake alikuwa mwindaji, anamjua mnyama huyo tangu utoto, jina lenyewe kipunji wamelitoa kwa wenyeji. Sasa kagunduliwa na nani?

Sikuwa na jibu la haraka, na sikutaka kumpa la uongo. Kanuni ya Wikipedia inataka kilichochapishwa mahali pa kuaminika, na babu hajachapisha. Nilichomwambia ni asome kwanza hao watafiti wenyewe wamesema nini. Akakuta wameeleza kwamba walianza kumtafuta kwa sababu ya masimulizi ya wawindaji wa Kinyakyusa. Basi hiyo ndiyo sentensi aliyoandika, ikiwa na chanzo chake, na haijafutwa hadi leo. Akaniambia "ndaga fijo mwalimu" (asante sana), ingawa kwa sauti ya mtu aliyeshinda nusu kesi. Masimulizi mengine, kama yale ya Ziwa Ngosi, tunayaandika kwenye daftari la klabu, tunayahifadhi. Pengine mmoja wao atakuja kuyachapisha.

Ninyi mtakutana na Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, hilo sina shaka. Kwa Mkwawa vyanzo havikosi: vita ya Lugalo 1891, kifo chake 1898, fuvu kutajwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919 na kurudishwa 1954. Shida yenu itakuwa lugha ya sifa. Watoto wa Kihehe hawatakubali kuondoa "shujaa wetu", mtakaa hapo vipindi viwili.

Kutafsiri kwa mashine usikatae moja kwa moja, ila kila mstari usomwe kwa sauti. Sisi tulipata "mmea wa kuchakata chai", nusu ya darasa ikaenda kutafuta ni mmea gani huo. Kumbe ni "plant" ya Kiingereza, yaani kiwanda! Huko Mufindi mnavyo, mtacheka.

Alama mimi natoa kwa kufungua ukurasa wa historia ya makala. Kila badiliko lina jina la akaunti na saa, kwa hiyo wale wa kubebwa kwenye kazi za vikundi wanaonekana peupe. Picha wapige wenyewe, zile za kuokota mtandaoni zinafutwa. Umeme ukikatika tunaandika kwenye daftari. Intaneti ikisumbua, programu ya Kiwix inakuwezesha kusoma Wikipedia bila mtandao, kuhariri ndiyo hapana.

Kwa kompyuta 12 na watoto 30, nusu ya mashine wakae wawili, nusu wakae watatu. Wiki ya kwanza wasihariri chochote. Chapisha makala moja ya kwenu, hata ya Mafinga yenyewe, kila mtoto apigie mstari sentensi moja ambayo haijasema imetoka wapi, halafu mkaitafute pamoja.