Kama hana kosa mbona alilipa?

Ndugu yangu unauliza kama Erick Kabendera, yule mwandishi wa habari za uchunguzi, hakuwa na kosa mbona alikiri na kulipa, hebu jiweke wewe pale. Jamaa kachukuliwa kwake Dar Julai 2019, mwanzo tukaambiwa ni ishu ya uraia, eti wanachunguza kama ni Mtanzania, siku chache mbele uraia hausikiki tena, kesi imekuwa kukwepa kodi, utakatishaji fedha (kusafisha pesa chafu) na genge la uhalifu 😂 Sasa hiyo ya utakatishaji ndo yenyewe, maana haina dhamana, ukishabandikwa unakaa ndani hata kama ushahidi haupo mezani, kila ukipelekwa mahakama ya Kisutu ni "upelelezi haujakamilika" kesi inapigwa kalenda. Mama yake kafariki Desemba hiyohiyo, akaomba akamuage tu mahakama ikakataa. Miezi karibu saba hivi, afya yenyewe mgogoro, halafu unaambiwa ukikiri unatoka, we ungegoma? Akatoka Februari 2020 kwa makubaliano na DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka), faini na kodi mamilioni. Na zile habari alizokuwa akiandika hakuna hata moja iliyotajwa kwenye mashtaka.