Sindano na uzi ndani ya ndege: unachobeba mkononi na unachoacha sandukuni

Wenzangu ninaonunua nao nyuzi Kiyembe, Kampala, huniuliza swali lile lile kila wakisikia nasafiri: hizo sindano za kufumia unazipitishaje uwanja wa ndege wa Entebbe? Sizifichi. Nazitia kwenye kipochi kigumu kinachoonyesha ndani, pamoja na kazi yenyewe ikiwa bado imening'inia kwenye sindano, na begi likivutwa pembeni nalifungua mwenyewe. Askari akiona sweta ya mtoto yenye mkono mmoja, maswali hupungua. Kuna aliyewahi kuniuliza, "Nnyabo (yaani mama), hii ikiisha utauza bei gani?"

Sindano si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Uingereza na Marekani zote huruhusu sindano za kufumia na za kroshia kwenye mzigo wa mkononi. Balaa ni mkasi. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya hutaka makali yasizidi sentimita 6. Marekani hupima kuanzia pale pande mbili zinapoungana, na kikomo ni inchi 4, kama sentimita 10 hivi. Vile vikatio vya uzi vya mviringo, vyenye wembe uliofichwa ndani, Marekani hawavitaki kabisa mkononi. Na kote huko, hata kitu kikiwa kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa, askari aliye mbele yako ndiye mwenye neno la mwisho. Kubishana naye ni kujichelewesha.

Sisi tunaoondokea Entebbe kwenda mbali mara nyingi hubadilisha ndege njiani, Addis Ababa, Doha, Dubai au kwingineko, na huko unakaguliwa upya. Mama mmoja tuliyekuwa safari moja alikuwa na mkasi wa kudarizi wenye umbo la korongo, mdomo wa ndege ndio makali, urithi wa mama mkwe wake. Entebbe ulipita bila neno. Kwenye uwanja wa kubadilishia ndege ukatupwa pipani mbele ya macho yake. Kwa hiyo fungasha ukifikiria uwanja mkali kuliko yote utakayopitia, siyo ule wa kwanza. Mimi mkononi sibebi mkasi wa aina yoyote. Nakata uzi kwa kikatia kucha, basi. Mkasi wa fundi, pini na kile kidude cha kufumulia mishono vinakwenda kwenye sanduku la chini, makali yamefungwa kwa kitambaa kinene ili anayepekua asijikate.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifikirii: sindano ikichukuliwa, kazi yako inakuwaje? Kabla ya kutoka nyumbani, chukua uzi laini wa rangi tofauti, utie kwenye sindano butu ya kushonea, kisha upitishe ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano ya kufumia. Acha ncha ndefu pande zote mbili, uzifunge. Hata wakichukua sindano, vitanzi vinabaki vimeshikwa na uzi ule, hakuna kinachofumuka, na ukifika unatafuta sindano nyingine ya namba ile ile na kuendelea. Kwa kroshia hofu ni ndogo zaidi, maana kwa kawaida kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu. Kivute kirefu au ukibane kwa pini ya mtoto. Ndiyo maana anayesafiri kwa mara ya kwanza namshauri abebe kroshia.

Kama ni lazima ufume sweta, tumia sindano za mianzi zilizounganishwa kwa waya. Zile ndefu za chuma zitamchoma jirani yako kiwiko, na moja ikidondoka inabingirika chini ya viti hadi usikokujua. Usibebe uzi mweusi kwa safari ya usiku. Taa ya kiti haitoshi kuhesabu vitanzi, utaumia macho bure. Chagua kazi ndogo: soksi, kofia ya mtoto, kitambaa cha mezani kipande kwa kipande. Blanketi la kitanda litakula nafasi, na mashirika mengi yanakupa kilo 7 tu za mkononi.

Taa ndogo ya kuvaa shingoni ni nzuri, ila pawabenki ya kuichajia ikae mkononi, hairuhusiwi kwenye sanduku la chini. Gundi ya kitambaa ni kimiminika: chupa isizidi mililita 100.

Na kwa wanaokwenda hapa jirani, uzi usiutie kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Rwanda walipiga marufuku tangu 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Mfuko wa kitenge wenye kamba ya kukaza unatosha, na uzi hutoka ndani yake bila kujisokota.