Jibu: Ufadhili wa tamasha la burleski Italia

Hongera dadangu! Umeuliza kama ufadhili huo wa kwenda kwenye tamasha la burleski (onyesho la jukwaani la dansi, vichekesho na kuvua mavazi kwa madaha) utakutosha ukitokea hapa Malindi. Barua ya wafadhili ikifika, isome neno kwa neno: wengine hulipia mafunzo na kiingilio tu, nauli na malazi ni juu yako. Ubalozini nako watataka kujua nani analipa nini, basi iandikwe wazi. Viza ya Schengen (ya kuingia Italia na nchi jirani za Ulaya) ni yuro 90, bima ya safari iwe ya kukulipia matibabu ya hadi yuro 30,000 au zaidi, na waweza kuomba viza kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Usingoje!

Vazi la jukwaani libebe mkononi, likipotea huna onyesho. Ila mapambo ya gamba la ng'amba (aina ya kasa anayelindwa kisheria), hata yawe ya bibi yako, yaache nyumbani; forodha watayachukua. Barua ikifika niambie, tuisome pamoja.