Kichwa kinauma, wanasema ni sumu zinatoka: niongeze maji?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 36. Miezi miwili sasa nimeamua kuishi kiafya. Nakunywa maji lita tano kwa siku, lita moja na nusu nikiamka tu, kabla ya kitu chochote. Chumvi nimeacha kabisa, nyama, mayai na maharage pia. Nakula matunda na mboga za kuchemsha. Nakimbia kila siku na nameza kidonge cha vitamini. Mwanzoni nilijisikia mwepesi, lakini wiki tatu hizi kichwa kinaniuma tangu asubuhi, nasikia kichefuchefu, misuli ya miguu inakaza, na usiku naamka kukojoa mara nne. Aliyenipa mpangilio huu anasema ni sumu zinatoka, nisiogope, niongeze maji. Na kweli, nikishameza kile kidonge mkojo unatoka njano kali. Je, niongeze hadi lita ngapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiongeze hata glasi moja. Kesho asubuhi ile lita moja na nusu iache. Kunywa ukisikia kiu, na kiu ikikatika weka glasi chini. Kisha hiyo hiyo kesho nenda kwenye hospitali yenye maabara wakupime sodiamu (madini yanayounda chumvi ya mezani, na yamo pia kwenye damu), potasiamu, utendaji wa figo na sukari. Sukari naitaja kwa sababu kukojoa sana usiku kunaweza kuwa na chanzo kingine, nisije nikayalaumu maji kwa kosa lisilo lao. Waeleze kila unachomeza. Kama unatumia dawa ya presha ya aina inayoongeza mkojo, au dawa ya sonona au ya kifafa, usiifiche, maana baadhi ya hizo zenyewe hushusha sodiamu.

Nashuku sodiamu yako imeshuka, lakini usijitibu kwa kulamba chumvi wala kunywa maji ya chumvi. Sodiamu iliyokaa chini kwa wiki kadhaa ikipandishwa haraka huweza kuujeruhi ubongo, na ndiyo maana hospitalini huipandisha polepole huku wakipima damu tena na tena. Wewe rudia chakula cha kawaida, chenye chumvi ya kawaida. Ukianza kuchanganyikiwa, kutapika mfululizo, kusinzia kusiko kwa kawaida au kupata degedege, hiyo ni dharura. Wa nyumbani wakukimbize hospitali, na wasikupe maji njiani kwa huruma.

Sasa nikueleze kwa nini nashuku hivyo. Damu ya mtu mzima mwenye afya ina sodiamu kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Maji yakiingia kwa wingi kuliko figo zinavyoweza kuyatoa, sodiamu hiyo inazimuliwa, na maji yanahama kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Seli zinavimba. Za mguuni zina nafasi ya kuvimba, lakini za ubongo zimezungukwa na fuvu. Hapo ndipo kichwa kinapouma na moyo kuchafuka.

Utaniambia unamjua mtu anayekunywa lita tano na yuko salama. Inawezekana kabisa. Figo haziwezi kutoa maji matupu. Kila lita ya mkojo lazima ibebe chumvi kidogo na mabaki ya protini. Anayekula mlo kamili ana mzigo wa kutosha, na figo zake zikibanwa zinaweza kumwaga zaidi ya lita kumi kwa siku. Lakini anayekula mboga za kuchemsha bila chumvi, bila nyama, yai wala maharage, amezinyima figo zake mzigo wa kusafirisha, na uwezo wake unaweza kushuka hadi lita nne au chini ya hapo. Hata mwenye mlo kamili, akizidiwa na maji, huweza kutoa kama lita moja tu kwa saa, wakati wewe unamimina moja na nusu kwa mkupuo. Nenda kakimbie baada ya hapo: mbio ndefu huamsha homoni inayoziamuru figo zishike maji. Wakimbiaji 488 walipopimwa damu mwishoni mwa Boston Marathon ya mwaka 2002, asilimia 13 yao walikuwa na sodiamu ya chini, na waliokunywa hadi wakaongezeka uzito njiani ndio waliokuwa hatarini zaidi. Kunywa maji, kupunguza chumvi na kukimbia, kila kimoja peke yake kingeweza kuwa jambo jema. Umevisukuma vyote vitatu hadi mwisho kwa wakati mmoja.

Lakini si lita tano zilizonikera nilipokusoma. Watu husahau vipimo, hilo nimelizoea. Kilichonikera ni yale maneno matatu, "ni sumu zinatoka." Nayasikia karibu kila wiki, na kila mara mgonjwa anakuwa amechelewa wiki mbili tatu kwa sababu yake.

Sumu ipi? Nimewauliza wengi wanaouza mipango hii waitaje jina, nione kama tunaweza kuipima kwenye damu au mkojo. Hakuna aliyewahi kunijibu. Mabaki halisi ya mwili yana majina, urea ni moja, kreatinini nyingine, na figo zinayashughulikia usiku na mchana bila kuombwa. Zinachuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku, zinarudisha karibu zote, na kutoa mkojo wa lita moja hadi mbili hivi. Figo nzima haisubiri umwagie ndoo ndipo ianze usafi. Ukiimwagia, inachofanya ni kuhangaika kuitoa hiyo ndoo, nawe unaamka mara nne usiku ukidhani unatakasika.

Na ule mkojo wa njano kali ni kidonge chako. Ni vitamini B2, yenye rangi hiyo kwa asili, ambayo mwili umeshatosheka nayo na unaimwaga ndani ya saa chache. Umenunua kitu, umekimeza, umekikojoa, kisha mtu amekuonyesha rangi yake kama ushahidi wa sumu. Wala usifukuzie mkojo mweupe kama maji ya bomba. Njano ya kupauka inatosha.

Hata hivyo sitaki msomaji mwingine asome hapa aache kunywa maji. Mwenye historia ya mawe ya figo, anayefanya kazi juani, mama anayenyonyesha, hao wanahitaji zaidi. Mzee kiu yake hufifia, akumbushwe. Anayeharisha anahitaji maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo chake maalumu. Mgonjwa wa moyo au figo hufuata kiasi alichopangiwa na daktari wake. Kwa waliobaki, kiu ni kipimo kizuri. Bodi ya chakula na lishe ya Marekani ilipotaja lita 2.5 kwa siku mwaka 1945, ilisema papo hapo kwamba sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo ndani ya chakula. Watu wakaibeba namba, maelezo wakayaacha.

Ubaya wa "sumu zinatoka" ni kwamba haujui pa kukomea. Chai za kupunguza tumbo, nyingi zina sanamaki, dawa inayomfanya mtu aharishe. Anayezinywa kila siku anapoteza maji na potasiamu, misuli inakaza, moyo unaenda mbio, na jibu analopewa ni lile lile, kwamba uchafu unatoka, aongeze kikombe. Anayefunga kula siku nyingi akaanza kuona kizunguzungu anaambiwa mwili unajitengeneza. Vitamini A ikizidi kwa miezi, nywele zinakatika, ngozi inachubuka, ini linaumia, naye anaambiwa ngozi ya zamani inaondoka. Lugha hii imeugeuza kila mlio wa tahadhari kuwa sifa. Ukipona, dawa imefanya kazi. Ukizidiwa, inafanya kazi zaidi.

Sisi wa upande wa sayansi nasi tumewahi kukosea kwa kuongeza, na sioni aibu kulisema. Watafiti walijua kwamba wanaokula matunda na mboga kwa wingi hupata saratani ya mapafu kwa nadra, wakadhani siri ni betakarotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Nchini Ufini waliwapa vidonge vyake wavutaji sigara, katika utafiti wa wanaume zaidi ya 29,000. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza betakarotini walikuwa wamepata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Utafiti mwingine mkubwa, huko Marekani, ulikuwa bado unaendelea. Ukasimamishwa Januari 1996, karibu miezi 21 kabla ya muda wake, kwa sababu madhara yale yale yalianza kuonekana na ilikuwa imepangwa tangu mwanzo kwamba takwimu zitakaguliwa njiani, na zikienda vibaya vidonge viachwe.

Muulize swali hili aliyekupa mpangilio wako, na kila atakayekupa mwingine: ni dalili gani nikiiona nijue niache? Akikutajia, msikilize. Akikwambia hakuna, kwamba kila utakachosikia mwilini ni sumu zinatoka, usiendelee naye, na majibu yako ya maabara mpelekee mtu mwingine.