Timu inayoshinda sana huenda isimfae mwanao

Wazazi wenzangu mnaoishi Marekani, ambao vijana wenu wanacheza mpira wa Kimarekani sekondari: makocha wa vyuo wakianza kupiga simu, mtajikuta mnahesabu ushindi wa kila timu. Nimelipitia hilo na mwanangu, beki wa safu ya ulinzi hapa Texas. Ushindi unavuta, sikatai. Chuo kikishinda, kijana anaiona njia ya NFL, ligi ya kulipwa, na kocha hana haja ya kumbembeleza. Ila ushindi wa leo ni matunda ya usajili wa miaka miwili mitatu nyuma.

Tazameni timu ya Chuo Kikuu cha Alabama. Mwaka 2007, msimu wa kwanza wa kocha Nick Saban, ilishinda mechi 7 na kupoteza 6, tena ikafungwa nyumbani na chuo kidogo, Louisiana-Monroe. Hata hivyo Julio Jones na Mark Ingram, vijana waliokuja kuwa nyota, wakasaini 2008. Kocha alikuwa na ubingwa mkononi alioupata akiwa LSU, chuo kikuu cha Louisiana, na kikosi kilikuwa na nafasi. Ubingwa ukaja msimu wa 2009, nyota wakamiminika, foleni ya kusubiri nafasi ikarefuka. Jalen Hurts, mrusha mpira mkuu (quarterback), aliifikisha timu fainali ya Januari 2018, akatolewa mapumziko, Tua Tagovailoa wa nafasi hiyo hiyo akaingia na kombe likapatikana. Msimu uliofuata Hurts alikuwa wa akiba, kisha akahamia Oklahoma. Hurts yule yule aliyekuja kuwa nyota wa NFL!

Kwa hiyo ulizeni: mbele ya mwanangu wako wangapi, na wanamaliza lini? Mwaka huu mmechukua wangapi kutoka vyuo vingine? Hili la pili lina uzito sana siku hizi. Timu ya Chuo Kikuu cha Indiana ilishinda mechi 3 tu mwaka 2023. Akaja kocha Curt Cignetti na wachezaji wake kutoka chuo cha James Madison, ikashinda 11 mwaka 2024. Raha kwa mashabiki, lakini kila anayehamia anachukua nafasi ambayo angepewa kijana wa sekondari.

Kwetu, timu zilizokuwa zikishinda zilijibu polepole, zilizokuwa zikifungwa zilipiga simu kila wiki. Tulichagua chuo kilichopoteza mechi nyingi kuliko kilizoshinda, kwa sababu kocha wa mabeki alitutajia mmoja mmoja waliokuwa wanahitimu. Mwanangu anacheza.

Na chuo mlichokubaliana nacho kikianza kushinda ghafla katikati ya msimu, mpigieni kocha siku hiyo hiyo mumuulize kama ofa bado ipo. Ofa ya mdomo haimfungi mpaka karatasi isainiwe.