Jibu: Mkutano Paris, kisha London siku mbili kwa viza ya Schengen

Usinunue tiketi hiyo ya treni kabla hujafungua pasipoti yako na kuisoma stika ya viza neno kwa neno. Umeandika kwamba wewe na mwenzako wa kazini mnakwenda kwenye mkutano Paris, kwamba viza za Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya ikiwamo Ufaransa, zimeshatoka, na kwamba Jumamosi mtavuka kwenda London kutembea siku mbili kabla ya kurudi Paris kupanda ndege ya Dar es Salaam. Kisha unauliza habari za hoteli, posho na mahali pa kupigia picha. Picha zisubiri.

Oktoba 2019 nilifanya safari hiyo hiyo. Mwenzangu wa idara ya fedha, mtu aliyekwisha kufika Ulaya mara tatu na ambaye hakukubali tusahau jambo hilo, aliniambia kwamba Uingereza imo katika Umoja wa Ulaya na kwa hiyo Schengen inatosha. Umoja wa Ulaya ilikuwa bado imo, kwani ilijitoa Januari 2020, lakini ndani ya Schengen haikuwahi kuwamo hata siku moja. Wakala aliyetukatia tiketi, ambaye anakula kamisheni kwa kujua mambo kama hayo, aliitikia kwa kichwa na kupokea fedha.

Pale Gare du Nord, kituo cha treni cha Paris, maofisa wa Uingereza hukagua pasipoti humo humo kituoni, kabla hujapanda treni. Polisi wa Kifaransa alikuwa amekwisha kunigongea muhuri wa kutoka. Hatua chache mbele, ofisa wa Uingereza aliipekua pasipoti yangu mara mbili, kwa upole wa daktari mwenye majibu mabaya, akaniuliza viza ya Uingereza iko ukurasa gani. Nilirudishwa, muhuri ukafutwa, na watu wa foleni wakanipisha kana kwamba nimekamatwa na magendo. Mwenzangu akapita! Alikuwa na viza ya Uingereza ya miaka miwili aliyoipata kwa safari nyingine, pamoja na Schengen ya kuingia mara nyingi, wala hakuwahi kujiuliza kama pasipoti yangu inafanana na yake. Jioni alinitumia picha ya Big Ben, ambayo mwaka ule ilikuwa imezungushiwa majukwaa ya mafundi, kwa hiyo najifariji kwamba naye hakuiona.

Tiketi ya treni, hoteli ya London isiyorudisha fedha, na chumba kipya Paris nilichokitafuta usiku vilinigharimu zaidi ya euro 400 za mfukoni, kwa kuwa posho ilikoma siku mkutano ulipokwisha. Hiyo ilikuwa nafuu. Stika yangu iliandikwa 01 kwenye idadi ya kuingia, yaani mara moja tu. Kama ningefanikiwa kuvuka, nisingeruhusiwa kurudi Paris, na ndege yangu ingeondoka bila mimi.

Soma idadi ya kuingia, kisha siku za kukaa, ambazo zinaweza kuwa zimekatwa kulingana na tarehe za mwaliko wa mkutano. Isome yako mwenyewe, usikubali kusomewa na mwenzako. Ukikuta 01, baki Paris: jumba la makumbusho la Louvre huwa wazi Jumamosi na Jumapili, nami nina tiketi za siku zote mbili kama ushahidi.