Spika Mpya Ndani ya Msana wa Mawe

Spika mpya zikilia kavu, husemwa bado hazijalainika. Mara nyingi zinasingiziwa. Mwenye kosa ni ukuta. Nyumba ya kale ya Lamu ina kuta nene za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa, na upana wa chumba umeamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, kama mita 3 au pungufu. Piga kofi moja katikati ya msana, kile chumba kirefu chembamba cha nyumba hiyo, ukiwa mtupu. Ukisikia "trrr" badala ya "pa", sauti inarukaruka baina ya kuta mbili, na hapo spika ya bei yoyote itakuumiza masikio.

Kulainika kupo, ila si kwa kiasi kinachovumishwa. Kinacholegea ni ukingo wa mpira na kile kitambaa cha mikunjo kinachoshika koili ya waya nyuma ya wufa, ile koni kubwa ya besi, na besi hufika chini zaidi kidogo. Sehemu kubwa ya kazi hiyo huisha saa chache za mwanzo. Saa 20 zatosha kabisa, kwa sauti inayozidi maongezi kidogo tu. Baada ya hapo kinacholainika ni sikio lako.

Jirani akiwa amelala, zitazamishe spika uso kwa uso, sentimita 5 kati yake, moja yake ugeuze waya, nyekundu kwenye nyeusi na nyeusi kwenye nyekundu, kisha zifunike blanketi. Moja ikisukuma hewa nyingine inaivuta, besi inafutika, nawe unalala. Asubuhi urudishe waya! Wanaosahau hukaa wiki nzima na besi iliyopotea na mwimbaji asiye na mahali, yuko huku na huku kama jini, wakingoja spika "zifunguke".

Ziweke upande wa ukuta mfupi, zielekee urefu wa msana. Upana ukiwa mita 2.7, acha mita 1.5 kati ya spika na sentimita 60 kila ubavu. Nyuma anza na sentimita 60 pia, hasa tundu la hewa likiwa nyuma. Kaa umbali wa mita 1.5 hadi 1.8, usiegemee ukuta, maana hapo besi huvimba. Usizitie kwenye kidaka, kile kishubaka cha ukutani, hata zikienea humo sawasawa: besi itanguruma na sauti ya mtu itatoka kama ya mtungini.

Twita, ile ndogo ya sauti nyembamba, iwe usawa wa sikio. Stendi nyingi zimepimiwa mtu wa kitini. Ukisikiliza umeketi kwenye jamvi, punguza urefu au ziinamishe mbele.

Sasa ukuta wenyewe. Mtu apitishe kioo kwenye ukuta wa ubavuni, nawe ukae pako. Unapoiona twita kiooni, hapo ndipo pa kufunika. Kanga haifai kitu, ni nyepesi mno. Tundika busati zito au egemeza godoro la sufi, kisha tandika mkeka na zulia sakafuni.

Jaribu kwa taarab ya udi, si ya kinanda. Mwimbaji asimame katikati, mkwaruzo wa kipigio usikike bila kuchoma. Ukichoma, zigeuze spika nje kidogo. Mwimbaji akitawanyika, zirudishe ndani. Sogeza sentimita 5 kwa wakati, na utie alama ya chaki sakafuni.

Waya wa shaba hapa hugeuka kijani kwa chumvi ya bahari. Sauti ikianza kukatika, kata sentimita 1 ya ncha, umenye upya, ukaze.